Hanga Lina Nafasi ya Mtoto wa Nani?

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita inapomalizika, tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la kuwaita wahitimu kwenye mafunzo ya lazima, ya mujibu wa sheria, hutoka, na sehemu ambayo wazazi wengi huikimbilia ni orodha ya vitu vya kubeba. Bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, yenye mfuko mmoja nyuma, urefu wake uishie magotini. Fulana ya kijani. Raba za michezo za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Traksuti. Nguo za baridi kwa aliyepangiwa mkoa wa baridi. Nauli ya kwenda na ya kurudi.

Maelekezo ya kina kiasi hicho, mpaka mfuko wa nyuma wa bukta, yana hoja ndani yake. Serikali inamwambia mzazi wa Masaki na mzazi wa Nkasi kwamba watoto wao watasimama mstari mmoja, na mtu akipita pembeni asijue yupi ni wa nani. Makala haya yanaitetea hoja hiyo kwa moyo wote. Yanasema pia kwamba serikali yenyewe haijaitimiza, na kwamba kila mwaka unaopita bila kuitimiza unawapa wapinzani wa mafunzo haya sababu nzuri ya kuyapinga.

Baada ya orodha ya vitu huja majina ya kambi, na hapo nyumba nyingi hufungua ramani. Kijana aliyekulia Mbagala anaweza kujikuta Bulombora, Kigoma, kwenye michikichi na upepo wa Ziwa Tanganyika. Wa Bukoba anaweza kupelekwa Nachingwea, Lindi, eneo ambalo wapiganaji wa FRELIMO walijifunzia vita vya kuikomboa Msumbiji. Wa Tanga anaweza kupangiwa Mtabila, Kasulu, palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwaka 2012. Rwamkoma iko Butiama, wilaya aliyozaliwa Mwalimu Nyerere. Anayepangiwa Mafinga mwezi Juni ataelewa upesi kwa nini tangazo lilitaja nguo za baridi, na wa Makutupora, Dodoma, atarudi nyumbani na vumbi la nchi ya zabibu kwenye kila mshono wa begi.

Akishavuka lango, jina lake la kwanza ni kuruta. Kila anayemfundisha ni afande, hata kama koplo huyo amemzidi miaka michache tu. Nywele zinanyolewa. Simu, iliyokuwa mkononi kutoka asubuhi hadi usiku, haipo tena. Halafu kijana anapewa kombania, anaonyeshwa hanga atakalolala, na siku inaanza kuhesabiwa kwa filimbi.

Siku yenyewe huanza gizani. Filimbi hulia alfajiri, wakati mji aliotoka bado umelala, na kuanzia hapo dakika si zake tena. Kitanda kitandikwe, shuka inyooke bila mkunjo, watu wajipange nje, wahesabiwe kombania kwa kombania. Kisha mchakamchaka. Siku za mwanzo ni za maumivu tu: malengelenge miguuni, kifua kinachowaka, mtu anayetapika pembeni ya barabara akiambiwa anyanyuke aendelee. Kinachowavusha ni chenja. Mmoja anaanzisha wimbo, mamia wanaitikia, na hapo hutokea jambo ambalo wakufunzi wa jeshi wamelijua kwa vizazi: mtu anayeimba na wenzake hufika mbali kuliko anayehesabu pumzi zake peke yake. Ndani ya nyimbo hizo kuna mama aliyeachwa nyumbani, kuna afande mkali, kuna ugali wa mchana na chuo kinachosubiriwa. Kambi hurithi nyimbo kutoka kwa waliotangulia na kuzibadilisha maneno, na makuruta wa mwaka huu huziacha kwa watakaofuata.

Baada ya uji na usafi ni kwata. Mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka, mbele tembea: maneno mepesi masikioni, mazito kwa mwili ambao kwa miaka 13 ya shule umezoezwa kukaa kwenye dawati. Hakosekani mtu ambaye mkono wa kushoto na mguu wa kushoto huondoka pamoja, na kwa ajili yake kombania nzima itarudia zoezi juani. Wenzake hukasirika siku ya kwanza. Siku ya tatu wanamfundisha nyuma ya hanga, kwa sababu wamegundua kwamba kukosea kwake ni jua lao wote. Mwandishi wa makala haya anaiona saa hiyo ya nyuma ya hanga kuwa na thamani kuliko gwaride lenyewe, ambalo wageni rasmi hulipigia makofi siku ya kufunga mafunzo.

Kazi nayo ipo. Miezi ya mujibu, Juni hadi Agosti, ni kiangazi katika sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo kuruta hukutana na jembe kwa namna ya msimu: kuvuna kilichopandwa na waliotangulia, kumwagilia bustani, kufyeka, kufyatua tofali, kubeba kuni, kuchota maji. Zamu ya jikoni ni shule ya peke yake. Aliyezoea kupika chakula cha watu wanne, au asiyewahi kupika kabisa, anasimama mbele ya sufuria la ugali wa mamia akiwa na mwiko mrefu kama kasia, na moshi haumwulizi alikuwa na daraja gani shuleni. Mchana ni ugali na maharage, kwenye foleni, kila mtu na sahani yake. Njaa ya kambini ni kitu ambacho wote waliopita huko hukikumbuka. Mwili uliokimbia, ukapiga kwata na kulima hauridhiki upesi, na kantini huwa mahali panapozungumzwa kwa hamu.

Mchana kuna madarasa: uraia, historia ya nchi, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, utunzaji wa silaha na namna ya kulenga shabaha. Wengi hupambana zaidi na usingizi kuliko na mada. Jioni wanahesabiwa tena. Usiku, wengine wana lindo, na kuna kijana ambaye hajawahi kukaa nje peke yake saa nane za usiku, sasa anazunguka ghala la mahindi akisikiliza fisi wa mbali na kujiambia kwamba ni mbwa. Wasichana hufanya haya yote sawa na wavulana. Hukimbia, hulinda, hulima, hupiga shabaha, na kwa familia kadhaa picha ya binti akiwa kwenye gwaride ndiyo iliyobadilisha mazungumzo ya nyumbani kuhusu kazi anazoweza kufanya.

Lakini kiini cha jambo kiko ndani ya hanga.

Shule za nchi hii huwatenganisha watoto mapema. Kuna shule ya kata yenye mwalimu mmoja wa hisabati kwa madarasa mengi, na kuna shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza yenye basi lake na bwawa la kuogelea. Watoto hao hukua katika mji mmoja bila kulala chini ya paa moja hata usiku mmoja. Hanga huwaweka vitanda viwili mkabala. Mmoja hajawahi kufua nguo zake; mwingine amefua za wadogo zake wote tangu darasa la nne. Mmoja anajua kuongea mbele ya watu bila woga. Mwingine anajua kuwasha moto wa kuni zilizoloa. Baada ya wiki mbili wanahitajiana. Hapo ndipo Mnyamwezi na Mzaramo huanza kutaniana kama desturi ya watani inavyotaka, wakiwa na mtani wa kweli mbele yao badala ya hadithi ya babu. Hapo Kiswahili cha Mara hukutana na cha Mtwara, watu wakachekana lafudhi, kisha wakazoeana. Uzalendo wa aina hiyo haufundishiki darasani, kwa sababu ni mazoea ya mwili: kula foleni moja, kuchoka pamoja, kumwamsha mwenzako kwa zamu yake ya lindo.

Waanzilishi wa jeshi hili walilijua hilo. JKT ilianza rasmi tarehe 10 Julai 1963, kambi yake ya kwanza ikiwa Mgulani, Dar es Salaam, na David Nyakyi ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza. Washauri kutoka Israeli, nchi iliyokuwa na uzoefu wa kuunganisha mafunzo ya kijeshi na kilimo, walisaidia hatua za mwanzo. Walioingia wakati huo walikuwa wa kujitolea, wengi wao vijana wenye elimu ndogo, waliolima, waliojenga barabara na kujifunza ufundi. Wasomi walibaki nje, na ndilo tatizo ambalo serikali ilijaribu kulitatua mwaka 1966 ilipopendekeza kwamba wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo walitumikie taifa kwa miaka miwili, miezi michache kambini na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengine wakiwa wamevaa majoho yao, waliandamana kupinga. Bango moja lilidai kwamba hali ilikuwa afadhali enzi za ukoloni. Waliishia Ikulu, mbele ya Nyerere mwenyewe. Alighadhibika. Zaidi ya wanafunzi 300 walifukuzwa na kurudishwa makwao, na Rais akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Haikupita hata miezi minne, Azimio la Arusha likatangazwa.

Tukio hilo linastahili kutazamwa bila kupendelea upande. Adhabu ilikuwa kali mno kwa vijana waliokuwa wakitumia haki ya kulalamika, na wanafunzi walikuwa na sababu ya kuuliza kwa nini wao wakatwe mshahara wakati mawaziri wanalipwa vizuri. Nyerere alilijibu swali hilo kwa namna ambayo viongozi wengi hawaiwezi: alianza kujikata yeye. Akapata kwa kitendo hicho haki ya kuwaambia wasomi kwamba elimu yao imelipiwa na wakulima wa pamba na kahawa, na kwamba kuna deni. Hiyo ndiyo nguvu pekee ya kimaadili iliyoutegemeza mujibu wa sheria: anayeamuru naye anatoa chake, na mtoto wake naye yumo.

Kwa zaidi ya robo karne baada ya hapo, kupita JKT ilikuwa hatua ya kawaida kati ya sekondari na chuo. Katika miaka ya sabini na themanini ilikuwa mwaka mzima. Mawaziri, majaji, wahadhiri na madaktari wa kizazi hicho walilima mashamba ya Ruvu, Oljoro, Mafinga na Maramba. Mpaka leo, wazee wawili wasiofahamiana wakikutana kwenye msiba na kugundua kwamba walipita kambi moja, mazungumzo hubadilika. Vyeo huwekwa pembeni na majina ya maafande wa zamani huanza kutajwa.

Mwaka 1994 mafunzo hayo yakasitishwa kwa kukosa fedha. Vijana wa kujitolea wakarudishwa mwaka 2001, lakini mujibu wa sheria ulisubiri hadi Machi 2013, miaka 50 ya JKT, ulipoanzishwa upya wakati wa Rais Jakaya Kikwete. Kundi la wabunge vijana nalo liliingia kambini pamoja na makuruta, wakavaa kombati na kupiga kwata. Lilikuwa jambo jema, na linasikitisha kwamba halikugeuka kuwa desturi. Kwa miaka iliyofuata nafasi kambini hazikutosha wahitimu wote, kwa hiyo waliitwa baadhi wakaachwa wengine, na muda ukafupishwa hadi miezi mitatu.

Kenya nayo ilijaribu. Kati ya mwaka 1984 na 1990, wakati wa Rais Daniel arap Moi, waliofaulu kwenda chuo kikuu walipitishwa kwanza kwenye Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), wengi wao wakikumbuka Gilgil kwa baridi na mchakamchaka wake. Mpango huo ulidumu miaka sita hivi ukaachwa. Nchi mbili jirani, mpango mmoja, na katika zote mbili mpango huo uliwahi kufa bila kelele kubwa kutoka kwa wenye sauti. Mwandishi anaamini kelele hazikuwepo kwa sababu ni wachache kati ya wenye sauti waliokuwa wakiuona kuwa wao.

Swali la leo, basi, ni nani yumo na nani hayumo.

Orodha ya mujibu hupangwa kwa wahitimu wa kidato cha sita. Kijana aliyesoma mtaala wa kigeni katika shule ya kimataifa ya Dar es Salaam au Arusha hafanyi mtihani huo, kwa hiyo jina lake halitoki katika orodha hizo za shule. Wazazi wake ndio wenye uwezo mkubwa kuliko wote. Aliyepelekwa nje ya nchi akiwa kidato cha tatu naye hayumo. Wapo pia wanaoitwa wasifike, kwa sababu ya ugonjwa, kwa sababu ya nauli, au kwa sababu nyumbani waliona haina haja. Upande wa pili, chini kabisa, wapo wengi zaidi walioishia kidato cha nne au darasa la saba. Hao sheria haiwaiti kwa mujibu. Mlango wao ni wa kujitolea, miaka miwili, wakiwa na matumaini ya ajira mwishoni.

Kambini, kwa hiyo, kuna makundi mawili ambayo nchi haipendi kuyazungumzia pamoja. Wa mujibu anahesabu siku kuelekea chuo. Wa kujitolea anahesabu miezi kuelekea ajira ambayo huenda isije. Wanaitwa vijana wa jeshi moja, wanalima shamba moja, lakini mmoja anapita tu na mwingine ameweka maisha yake yote hapo. Kazi za wa kujitolea zimeonekana wazi: ukuta wa kuzunguka machimbo ya tanzanite Mirerani, wenye urefu wa kilomita 24.5, ulijengwa na JKT na kuzinduliwa Aprili 2018 na Rais John Magufuli. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2021, Jenerali Venance Mabeyo, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, alitangaza kuondolewa kambini kwa vijana 854 waliokuwa wamegoma wakidai kuajiriwa jeshini. Walikuwemo waliofanya kazi kwenye miradi ya aina hiyo wakiamini kwamba ajira itafuata. Baadaye walisamehewa.

Jeshi haliwezi kuendeshwa kwa mgomo, na hilo halina mjadala. Lakini kijana aliyebeba mawe chini ya jua la Mirerani kwa kuamini ahadi si mhuni, na nchi inayotaka utii wake inapaswa kumweleza siku ya kwanza, kwa maandishi, ajira zipo ngapi na yeye ni wa ngapi kwenye foleni. Matangazo ya kazi katika vyombo vya ulinzi na usalama hutaja mafunzo ya JKT, au ya Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU) kwa upande wa Zanzibar, kama sifa ya mwombaji. Kwa hiyo cheti kina bei. Maskini anakinunua kwa miaka miwili ya jasho, mhitimu wa kidato cha sita kwa miezi mitatu, na mtoto wa tajiri hakihitaji.

Hapo ndipo usawa wa hanga unapopungua. Shuka zote ni za bluu, lakini kuna kitanda ambacho hakikuwahi kuwa na mtu.

Kuna kasoro nyingine ndogo zaidi kwa macho, zisizo ndogo kwa anayeziishi. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, kuruta akiwa porini. Dirisha la maombi ya vyuo hufunguliwa, na maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo hufanyika katika miezi hiyo hiyo. JKT inalijua hili, ndiyo maana tangazo humtaka kijana abebe cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne pamoja na nyaraka zote za udahili. Ni hatua nzuri. Bado, maombi ya mkopo yanahitaji kompyuta, intaneti, sahihi ya mdhamini, wakati mwingine cheti cha kifo cha mzazi kilichothibitishwa. Mtoto wa mwalimu mkuu ana mtu wa kumfanyia hayo huko nyumbani. Yatima wa Kibondo aliyeko Mlale, Songea, hana. Kama serikali moja inamwita kambini na serikali hiyo hiyo inamwekea tarehe ya mwisho ya mkopo, basi maafisa wa Bodi ya Mikopo wapelekwe kambini na vifaa vyao, kila kambi, siku zinazojulikana, na kuruta apewe ruhusa ya kwenda kuwaona maafisa hao bila kuhesabiwa kuwa mtoro.

Afya nayo inahitaji uangalifu zaidi. Tangazo huelekeza vijana wenye ulemavu unaoonekana waripoti Ruvu, Mlandizi, kambi yenye miundombinu ya kuwahudumia. Neno linaloacha wasiwasi ni hilo la kuonekana. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Wataalamu hukadiria takriban 11,000 kwa mwaka. Baadhi yao, kwa matibabu na juhudi za wazazi, hufika kidato cha sita. Ukimtazama kijana huyo kwenye mstari wa saa kumi na moja alfajiri humtofautishi na wenzake, mpaka baridi, kiu na mbio vimlaze. Ndivyo ilivyo kwa mwenye pumu na mwenye kifafa. Kuruta mwenye hali hizi mara nyingi hunyamaza, akiogopa kuitwa mvivu. Uchunguzi wa kweli ufanyike kabla ya mbio za kwanza, na daktari wa kikosi awe na kauli ya mwisho ambayo hakuna koplo anayeweza kuibatilisha.

Hili linaleta suala la doso, yaani yale mateso ya makusudi yanayodaiwa kumkomaza kuruta. Waliopita kambini husimulia doso zao kwa fahari, na mwandishi anaheshimu fahari hiyo. Kuruka kichura, pushapu, kuzunguka uwanja na tofali mikononi: mwili wa kijana unayaweza, na kuna jambo la kweli analojifunza mtu anapogundua kwamba alipodhani ameishiwa nguvu bado alikuwa nazo. Mpaka wa doso uko pale inapoacha kuwa zoezi na kuwa dhihaka: kumtukania mtu mama yake, kabila lake, umbo lake, au kumtafutia binti sababu ya kumwita peke yake usiku. Hapo haiwi tena malezi, na malezi ndiyo kazi ya kwanza ambayo JKT hujitajia, kabla ya uzalishaji mali na ulinzi. Wakufunzi wengi ni watu wazuri wanaofundisha kwa bidii. Kwa heshima yao, wale wachache wasiofaa wasilindwe, na mzazi awe na mahali pa kuuliza akajibiwa.

Wapo wanaosema miezi mitatu ni kupoteza muda, na kwamba fedha hizo zingenunua madawati. Hoja hiyo ina uzito, hasa pale kijana anaporudi nyumbani akiwa ameongeza kwata tu. Lakini madawati hayatamkutanisha mtoto wa Oysterbay na wa Sumbawanga. Nchi imejenga barabara, imejenga reli, na imeacha watoto wake wakue katika dunia mbili ambazo haziongei. Hanga ni moja ya sehemu chache zilizobaki ambapo dunia hizo hulazimika kuongea, na kwa sababu hiyo inafaa lilipiwe vizuri: chakula cha kutosha, maji, vyoo vya kutosha kwa wasichana, na wakufunzi waliofundishwa kulea.

Mambo matatu yanaweza kuanza mara moja bila sheria mpya ndefu. Shule za mitaala ya kigeni zilizosajiliwa nchini ziwasilishe majina ya wahitimu wao raia wa Tanzania, waitwe kama wengine. Nauli ya kuruta asiyejiweza ilipwe na halmashauri yake, maana mtoto hawezi kuambiwa ni wajibu kisha akwamishwe na tiketi ya basi. Na vijana wa kujitolea wapewe ufundi unaothibitishwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) kabla miaka yao miwili haijaisha, ili asiyepata nafasi jeshini atoke na kazi mikononi.

La nne linawahusu wabunge. Bajeti ya Wizara ya Ulinzi na JKT husomwa bungeni Mei, wiki chache kabla makuruta hawajafungasha begi. Ndani ya hotuba hiyo waziri atoe hesabu ya mwaka uliotangulia: walioitwa ni wangapi, walioripoti wangapi, ambao hawakuripoti ni kwa sababu gani, na kutoka shule zipi. Kisha kila mbunge na kila waziri mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita mwaka huo asimame aitaje kambi aliyopangiwa mwanawe.